Uhuru wa Mkurugenzi wa Mashtaka: ahadi iko kwenye ibara moja, ulinzi uko kwingine

Kesi nyingi za jinai katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, iwe Arusha au Moshi, humalizika kwa siku hiyo ndani ya dakika chache. Karandinga la Magereza huingia asubuhi kutoka Kisongo, au kutoka Karanga kwa upande wa Moshi, mahabusu hushushwa, jina huitwa, na wakili wa Serikali husimama kusema maneno ambayo ndugu waliokaa mabenchi ya nyuma wameshayakariri: shauri limekuja kwa kutajwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine. Hakimu hupanga tarehe, mshtakiwa hurudishwa mahabusu, na nje ya ukumbi huanza ubishi wa kutafuta wa kulaumiwa. Wapo wanaomtaja hakimu, wapo wanaomtaja mpelelezi, na wapo wanaomnyooshea kidole wakili kijana mwenye mafaili kwapani. Ofisi yenye shauri hilo, yaani Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, haitajwi sana, na mtu anayeiongoza, Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi tunamwita DPP, hutajwa mara chache zaidi, ingawa ndiye mwenye neno la mwisho kama kesi hiyo iendelee au ifutwe.

Ofisi yenye nguvu kiasi hicho inatawaliwa na sheria gani, na uhuru wake unalindwa na nini hasa? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Katiba imesema yuko huru. Ni kweli, lakini kutangaza uhuru ni kazi nyepesi kuliko kuulinda, na vifungu vinavyoulinda haviko pale unapotangazwa.

Historia yake si ndefu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru wa nchi, Mkurugenzi wa Mashtaka alikuwa ofisa ndani ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mamlaka yake yalitokana na sheria ya kawaida. Mwaka 2005, katika mabadiliko ya kumi na nne ya Katiba, iliongezwa Ibara ya 59B, ambayo ilimpa mamlaka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka yote ya jinai, ikasema kwamba katika kazi hiyo atakuwa huru na hataingiliwa na mtu wala mamlaka yoyote, na ikamtaka azingatie mambo matatu: kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha huduma ya taifa ya mashtaka, ambayo leo ni Sura ya 430, kwa shabaha ya kuwatoa askari polisi katika kazi ya kuendesha mashtaka na kuikabidhi kwa mawakili wa Serikali. Kisha Februari 2018, kwa Amri ya Rais, ofisi hiyo ikatenganishwa kabisa na ya Mwanasheria Mkuu, sambamba na kuanzishwa kwa Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali inayoshughulikia mashauri ya madai. Zanzibar ina Mkurugenzi wake wa Mashtaka chini ya Katiba yake, kwa hiyo ninayoyasema hapa kuhusu Tanzania yanahusu upande wa Bara.

Sehemu isiyoeleweka sana ya kazi hii ni uratibu. Sheria inampa Mkurugenzi wa Mashtaka jukumu la kuratibu upelelezi, lakini wapelelezi si watumishi wake. Mpelelezi wa polisi anapandishwa cheo na Jeshi la Polisi, wa TAKUKURU na TAKUKURU, wa dawa za kulevya na mamlaka yake, na askari wa wanyamapori na taasisi yake ya uhifadhi. Wote hao huleta majalada yao kwenye ofisi ya mashtaka ya mkoa, wakili huyasoma, huandika upungufu uliomo, huyarudisha, na kila jalada linaporudishwa kuna mtu Kisongo anayesubiri. Kinachoweza kufanywa na mratibu asiye na mamlaka juu ya mshahara wala cheo cha anayemratibu ni kushauri, kuelekeza kwa maandishi, na mwisho wa yote kukataa kufungua kesi. Lipo pia Jukwaa la Haki Jinai, linalowakutanisha wakuu wa vyombo hivi ili wasukume mambo kwa mazungumzo pale ambapo amri haipo, na mafanikio yake yanategemea mno maelewano ya walio mezani. Mwaka 2022 Bunge lilijaribu njia nyingine kwa kuweka sharti kwamba, kwa makosa mengi yanayosikilizwa na mahakama za chini, kesi isifunguliwe kabla ya upelelezi kukamilika. Makosa makubwa yaliachwa nje ya sharti hilo, na ndiyo maana maneno yale ya kwenye benchi hayajafutika.

Katika mikoa yetu hii ya kaskazini uratibu huu unaonekana waziwazi kwenye kesi za nyara za Serikali. Mtu anayekamatwa na meno ya tembo au nyama ya pori hushtakiwa kwa uhujumu uchumi, na kesi ya uhujumu uchumi haiwezi kuanza kusikilizwa bila kibali cha maandishi cha Mkurugenzi wa Mashtaka. Ikisikilizwa katika mahakama ya chini badala ya Mahakama Kuu, inahitajika hati nyingine inayoipa mahakama hiyo mamlaka. Hizo ni karatasi mbili, zenye saini. Lakini Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya kesi nyingi za namna hii kwa sababu kibali hakikuwepo, au kilitaja kifungu kisicho sahihi, au hati ilitolewa na asiyestahili, na watu waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu wakaachiwa au kesi zao zikaanza upya. Anayedhani utawala wa ofisi ya mashtaka ni jambo la wakubwa tu asome hukumu hizo, kwa sababu humo ataona mlolongo wa maamuzi ya ofisi ukigeuka kuwa miaka ya maisha ya mtu.

Sasa tuje kwenye uhuru wenyewe. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu kazi ya waendesha mashtaka, iliyopitishwa Havana mwaka 1990, inazitaka nchi zihakikishe kwamba watu hawa wanafanya kazi bila vitisho, vizuizi wala kuingiliwa isivyofaa. Nchi nyingi zimeandika sentensi inayofanana na hiyo. Tofauti huanzia kwenye maswali yanayofuata: nani anamteua, kwa muda gani, nani anaweza kumwondoa na kwa utaratibu upi, fedha zake zinapita wapi, na anamweleza nani sababu za maamuzi yake.

Kuhusu uteuzi sitakaa sana. Tanzania Rais humteua miongoni mwa wanasheria waliokuwa na sifa stahiki kwa miaka isiyopungua 10. Kenya, chini ya Katiba ya mwaka 2010, Rais huteua baada ya Bunge la Taifa kuridhia. Idhini ya Bunge ina faida yake, hasa ile ya mteuliwa kuhojiwa hadharani, lakini Bunge lenye wabunge wengi wa chama cha Rais halijawahi kuwa ngome imara peke yake, popote pale.

Kuondolewa ndiko kwenye uzito. Ibara ya 59B inasema anavyoteuliwa na inasema kwamba yuko huru, lakini haisemi atakaa madarakani kwa muda gani wala ataondolewa kwa utaratibu upi. Jambo hilo limeachiwa sheria za kawaida, na sheria ya kawaida hubadilishwa kwa wingi wa kawaida wa kura, pengine hata kwa hati ya dharura. Huyu ni sawa na mpangaji aliyeahidiwa kutosumbuliwa, ilhali mkataba wake hauna tarehe ya mwisho wala kifungu cha notisi. Katiba hiyohiyo, inapofika Ibara ya 144, inamlinda Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kwa namna nyingine kabisa: hawezi kuondolewa ila kwa kushindwa kufanya kazi au kwa mwenendo mbaya, na baada ya tume maalumu kuchunguza. Majaji nao wana ulinzi wa aina hiyo. Waandishi wa Katiba, kwa hiyo, walijua jinsi ya kuandika ulinzi walipotaka kuuandika. Kenya walimwandikia Mkurugenzi wao: muhula mmoja wa miaka 8 usioongezwa, na kuondolewa kwa kupitia malalamiko yanayopelekwa Tume ya Utumishi wa Umma, kisha jopo la uchunguzi.

Umuhimu wa kifungu cha kuondoa unaonekana vizuri zaidi Afrika Kusini. Katiba yao, katika kifungu cha 179, inataka mamlaka ya mashtaka ifanye kazi bila woga, upendeleo wala chuki, na sheria yao ya mwaka 1998 inampa mkuu wa mashtaka muhula wa miaka 10 usioongezwa. Maandishi hayo ni mazuri. Lakini mwaka 2015 Mxolisi Nxasana, aliyeteuliwa mwaka 2013, aliondoka ofisini kwa makubaliano na Rais Jacob Zuma akiwa amelipwa randi milioni 17.3, na nafasi yake ikachukuliwa na Shaun Abrahams. Hakufukuzwa, alilipwa aondoke. Agosti 2018 Mahakama ya Katiba ilibatilisha makubaliano hayo, ikamwamuru Nxasana arejeshe zaidi ya randi milioni 10, ikabatilisha uteuzi wa Abrahams, na, jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, ikatangaza kuwa vifungu viwili vya sheria ile vilikuwa kinyume cha Katiba: kilichomruhusu Rais kumwongezea muda mkuu wa mashtaka, na kilichomruhusu kumsimamisha kazi kwa muda usio na kikomo, pengine bila mshahara. Mahakama iliona kwamba mtu anayeweza kuongezewa muda atajipendekeza ili aongezewe, na anayeweza kusimamishwa bila mshahara ataogopa. Hakuna aliyehitaji kumpigia simu na kumwambia afute kesi fulani.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa sana hapa kwetu, nayo ni ya muundo kuvunjwa kwa njia ileile uliojengwa. Poland waliitenganisha ofisi ya Mwendesha Mashtaka Mkuu na wizara ya sheria mwaka 2010, wakasifiwa. Mwaka 2016 Bunge likatunga sheria nyingine iliyoziunganisha tena, na waziri wa sheria, mwanasiasa, akawa ndiye Mwendesha Mashtaka Mkuu. Utengano wetu wa mwaka 2018 ulikuwa hatua nzuri, na sina shaka kwamba umeipa ofisi nafasi ya kupumua, ila ulifanywa kwa Amri ya Rais. Kilichojengwa kwa amri kinaweza kubomolewa kwa amri.

Wakazi wa Arusha wana mfano wao wa karibu. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi zake katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC hapa mjini hadi ilipofungwa Desemba 31, 2015, na Ibara ya 15 ya mkataba wake ilisema kwamba Mwendesha Mashtaka ni chombo huru kisichoomba wala kupokea maelekezo kutoka kwa serikali yoyote. Ni vigumu kuandika uhuru kwa maneno yaliyo wazi kuliko hayo. Novemba 3, 1999, Kitengo cha Rufaa kiliamuru Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa watuhumiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, aachiwe kwa sababu haki zake zilikiukwa wakati wa kukaa kizuizini kwa muda mrefu bila taratibu kufuatwa. Rwanda ilisitisha ushirikiano. Carla Del Ponte, aliyekuwa Mwendesha Mashtaka, alinyimwa viza ya kuingia Kigali, na mashahidi ambao kesi zote ziliwategemea walikuwa huko. Aliomba uamuzi upitiwe upya, akaeleza wazi kwamba bila ushirikiano huo kazi ya ofisi yake ingekwama, na Machi 31, 2000 majaji wakaubadilisha uamuzi wao wakisema kumejitokeza mambo mapya. Barayagwiza alishtakiwa na mwaka 2003 akahukumiwa kifungo cha miaka 35. Wengi walioyafuatilia hayo waliridhika kwamba haki za waliouawa hazikupotea, na siwalaumu. Kwa somo letu, linalobaki ni kwamba chombo ambacho kwenye karatasi hakikuwa na bosi kilikuwa kinamtegemea mwenye mashahidi. Mwaka 2003 Baraza la Usalama, kwa azimio namba 1503, lilimwondolea Del Ponte jukumu la Rwanda, kisha kwa azimio namba 1505 likamteua Hassan Bubacar Jallow. Sababu iliyotolewa ilikuwa wingi wa kazi, ilhali Del Ponte mwenyewe baadaye alidai kwamba chanzo kilikuwa nia yake ya kuwachunguza pia askari wa upande ulioshinda vita.

Fedha nitazigusa kidogo tu. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ina fungu lake la bajeti, Fungu 35, linalowasilishwa bungeni pamoja na mafungu mengine ya sekta chini ya Wizara ya Katiba na Sheria, wakati Mahakama ina Mfuko wake kisheria tangu mwaka 2011. Kuwa na fungu ni bora kuliko kuwa kifungu kidogo ndani ya fungu la mwingine. Lakini katika vitu vyote vinavyoweza kumfanya mwendesha mashtaka ayumbe, hiki sikioni kuwa cha kwanza.

Hadi hapa nimeuzungumzia uhuru kama kitu cha kulindwa dhidi ya Serikali. Upo upande wa pili, na kwa mtu wa kawaida huenda ndio unaouma zaidi: ofisi iliyo huru inaweza kumuumiza mtu kwa uhuru wake wenyewe. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimruhusu Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana ya mshtakiwa kwa kusaini hati tu, akisema usalama au maslahi ya Jamhuri yangeathirika, na hakimu alikuwa hana la kuhoji. Ilihitajika kesi ya Jeremia Mtobesya, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mwaka 2015 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani Februari 2018, ili kifungu hicho kitangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 yakaja makubaliano ya kukiri kosa, ambapo mshtakiwa, mara nyingi wa utakatishaji fedha, kosa lisilo na dhamana, hukaa mezani na upande wa mashtaka na kukubaliana kulipa ili apunguziwe. Kisheria ni utaratibu unaojulikana duniani. Lakini mtu aliye mahabusu bila matumaini ya dhamana hana nafasi sawa mezani na anayeshika ufunguo, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alihoji hadharani kuhusu fedha zilizotokana na makubaliano hayo.

Kisha kuna mamlaka ya kufuta kesi. Machi 4, 2022, mashtaka ya ugaidi dhidi ya Freeman Mbowe, aliyewahi kuwa mbunge wa Hai, na wenzake watatu yaliondolewa na Mkurugenzi wa Mashtaka, wiki mbili tu baada ya mahakama kusema wana kesi ya kujibu na siku ambayo walitarajiwa kuanza kujitetea. Hapa Kilimanjaro watu walishangilia, na hawakukosea kushangilia. Ila mahakama haikuelezwa sababu, kwa kuwa sheria haikumtaka Mkurugenzi aitoe, na raia aliyejiuliza kama ushahidi ulikuwa dhaifu tangu mwanzo au kama upepo wa siasa ndio uliogeuka, hakuwa na pa kupata jibu. Kalamu ileile inayoweza kufuta kesi iliyofunguliwa kwa uonevu inaweza kufuta ya fisadi mwenye marafiki. Kenya, Ibara ya 157 inasema Mkurugenzi hawezi kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Sharti hilo halimnyang'anyi uhuru wa kuamua; linamlazimu kusimama mbele ya mtu wa tatu na kusema kwa nini.

Ndiyo sababu mjadala wa utawala wa ofisi hizi huishia kwenye wazo la bodi au baraza. Kenya wana bodi ya ushauri chini ya sheria yao ya mwaka 2013. Italia wanakwenda mbali zaidi: waendesha mashtaka wao ni sehemu ya mahakama kikatiba. Kwetu, Tume ya Rais ya haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilichunguza mwaka 2023 mnyororo mzima, kuanzia polisi hadi magereza, na ofisi ya mashtaka ilikuwa miongoni mwa pete zake. Bodi ikiundwa, swali gumu litakuwa mpaka wake. Ipewe kuajiri, nidhamu, bajeti na miongozo ya jumla inayochapishwa kila mtu aione, lakini isiguse jalada la mtu mmoja mmoja. Siku bodi itakapoweza kuuliza kesi ya fulani imefikia wapi, itakuwa imegeuka mlango wa nyuma wa kuingilia.

Kwa mwathirika ambaye kesi yake imekataliwa, sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai inaacha mlango mmoja: hakimu anaweza kumruhusu mtu binafsi aendeshe mashtaka. Ni mlango unaotumika kwa nadra, na hata ukitumika, Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuichukua kesi hiyo na kuiondoa. Muswada wowote utakaoletwa kuhusu ofisi hii ungeanzia hapo, kwa kifungu kimoja kifupi kinachomtaka atoe sababu kwa maandishi kila anapoichukua kesi ya namna hiyo ili aiondoe, na kingine kinachosema ni jopo gani, na kwa makosa gani, linaloweza kumwondoa yeye.